Mvumo kwenye amplifaya ya valvu: acheni kukata waya wa ardhi

Leo siandiki kuhusu programu, ingawa huko nitarudi kabla sijamaliza maana ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Naandika kuhusu amplifaya za gitaa za valvu, zile zinazoundwa nyumbani, na magonjwa mawili yanayozipata karibu zote zikiwashwa mara ya kwanza: mvumo, na ile tabia ya kulia zenyewe bila mtu kugusa uzi. Nina maoni makali juu ya jambo hili, na nitayasema mapema ili asiye na muda asome aya hii pekee. Mvumo una chanzo. Chanzo hicho kinatafutika kwa hatua chache. Na hakuna hata siku moja ambapo dawa yake ni kukata waya wa ardhi kwenye plagi.

Naishi Mwihoko. Kwa wasiopajua, ni wadi ya Ruiru, kaunti ya Kiambu, ukishapita Githurai 45. Jina lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni tumaini. Ni mtaa wa nyumba za kupanga, wachomeleaji wa mageti, mashine za kusaga unga na makanisa mengi ya mabati. Jumamosi jioni ukitembea barabarani unasikia mazoezi ya Jumapili kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Vijana wanaopiga gitaa humo ni mafundi pia, kwa sababu amplifaya mpya ya dukani ina bei ambayo kijana wa kibarua hawezi kuifikia. Kwa hiyo wanaunda. Wananunua rezista na kapasita Luthuli, wanapata transfoma kwa fundi wa kusuka mota, valvu zinatoka kwenye redio za zamani au zinaagizwa kutoka nje (kiwanda cha JJ cha Slovakia bado kinazitengeneza), na chasi inakunjwa na mchomeleaji wa jirani. Mimi wananijua kama yule wa kompyuta mwenye mita nzuri, basi wananiletea.

Wengine mtauliza: valvu, karne hii? Transista ilizaliwa Bell Labs mwaka 1947, tumeng'ang'ania nini? Sina ugomvi na transista. Ni rahisi, ni nyepesi na haina volti 300 ndani yake. Lakini gitaa la umeme lilikua pamoja na valvu. Fundi Konde, mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza wa Kenya kutumia gitaa la umeme, alianza wakati ambapo kitu cha kukuza sauti kilikuwa valvu tu. Valvu ikisukumwa kupita kiasi, sauti inavunjika taratibu, na masikio ya wapiga gitaa yamezoea hivyo. Pia kuna sababu ya pili ninayoipenda zaidi: saketi ndogo ya valvu ina sehemu chache hivi kwamba mtu mmoja anaweza kuielewa yote. Ile ya Fender Champ ya miaka ya 1950, ambayo vijana wengi huanza nayo, ina valvu mbili za kukuza, moja ya 12AX7 na moja ya 6V6, na inatoa wati 5 hivi. Niambie ni programu gani ya leo ambayo mtu mmoja anaijua yote.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Kijana akiwasha amplifaya yake na kusikia "mmmmmm", hupata ushauri wa aina tatu. Wa kwanza atamwambia badilisha kapasita. Wa pili, badilisha valvu. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa zaidi, atamwambia fungua plagi utoe ule waya wa kijani na manjano, mvumo utaisha. Na kinachokera ni kwamba mara nyingine mvumo unaisha kweli! Hapo ndipo ushauri unapata sifa na kuenea kutoka kanisa hadi kanisa.

Tuangalie kinachotokea. Umeme wetu ni volti 240, na plagi zetu zina pini tatu: laivu, nyutro na ardhi. Waya wa ardhi unafungwa kwenye chasi. Kazi yake ni moja. Siku ambapo transfoma itachoka na laivu ikagusa chuma, umeme mwingi upite kwenye waya huo mara moja na fyuzi iungue. Ukiukata, siku hiyo fyuzi haitaungua. Chasi itakaa na volti 240 kimya kimya. Chasi imeungana na ganda la kebo ya gitaa, ganda limeungana na daraja la gitaa, na daraja limeungana na nyuzi. Mpiga gitaa ameshika nyuzi hizo kwa mkono wa kushoto. Hatajua chochote mpaka asogeze mdomo kwenye mikrofoni iliyounganishwa na mikisa yenye ardhi nzuri. Hapo yeye ndiye anakuwa waya.

Siwatishi kwa hadithi za vijiweni. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa mikrofoni isiyo na ardhi sawasawa huku vidole vyake vikiwa kwenye gitaa. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme mwaka 1976 akipiga gitaa nyumbani kwake. Hizo ni nchi zenye sheria na wakaguzi. Sisi tuna makanisa ya mabati yenye sakafu ya simenti mbichi, ekstensheni tatu zilizofuatana, na wakati mwingine jenereta.

Kwa nini basi kukata ardhi hupunguza mvumo? Kwa sababu vifaa viwili vilivyofungwa ardhi kila kimoja kwa soketi yake, kisha vikaunganishwa na kebo ya sauti, hufanya duara la waya. Umeme mdogo huzunguka humo na kuingia kwenye sauti. Kukata ardhi kunavunja duara, sawa, lakini duara lina sehemu nyingine za kuvunjwa. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Au tumia kisanduku chenye transfoma ya sauti katikati ya kebo, ambacho kinatenganisha ganda la kebo bila kugusa plagi. Au, ndani ya amplifaya, acha chasi ifungwe ardhi kwa boliti yake yenyewe, halafu ardhi ya sauti iunganishwe na chasi kupitia rezista ya omu 10 ikiwa sambamba na diodi mbili nene zilizogeukiana. Mvumo unapungua na mtu anabaki hai. Vitu hivi ni vya bei ndogo kuliko kapasita wanazobadilisha bure.

Haya, tuseme amplifaya iko peke yake mezani, hakuna kebo nyingine, na bado inavuma. Hapa ndipo mwandishi wa programu ndani yangu anaamka.

Sisi tunaoandika programu tuna njia ya zamani: hitilafu ikiwa mahali fulani ndani ya vitu elfu, usivikague kimoja kimoja. Gawa katikati, uliza hitilafu iko upande gani, gawa tena. Vitu elfu vinakwisha kwa maswali 10. Git imekuwa na amri ya kufanya hivyo tangu mwaka 2005. Amplifaya ya valvu mbili haina vitu elfu. Ina sehemu nne au tano, kwa hiyo maswali mawili matatu yanatosha. Nashangaa kuona mtu anayegawa programu katikati kazini kila siku, akishika amplifaya anaanza kubahatisha kama mganga.

Swali la kwanza linaulizwa na sikio. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Ukishapita kwenye diodi nne za kugeuza, mabaki yake yanakuwa hezi 100. Kwa hiyo mvumo wa 50 na mvumo wa 100 una vyanzo tofauti, na mpiga gitaa ana kipimo mkononi mwake. Tyuni gitaa sawasawa, bonyeza freti ya tatu ya uzi mnene kabisa, upige. Hiyo ni G, hezi 98. Mvumo ukilingana nayo, ni wa 100, na unaanza kuangalia sehemu ya kugeuza na kuchuja umeme. Mvumo ukiwa chini yake kwa oktava moja, ni wa 50, na unaangalia nyaya za kupasha valvu moto, transfoma zilizokaa vibaya, au duara la ardhi. Tahadhari kwa wanaosoma maelezo ya Wamarekani: kwao ni 60 na 120, kwa hiyo nota wanazozitaja si zetu.

Swali la pili linaulizwa na kitasa cha sauti. Kwenye saketi hii ndogo kitasa kipo katikati ya nusu mbili za 12AX7. Geuza hadi sifuri. Mvumo ukipotea, chanzo kiko kabla ya kitasa: soketi ya gitaa, nusu ya kwanza ya valvu, waya wake. Usipobadilika hata kidogo, chanzo kiko baada yake.

Swali la tatu: zima, subiri, chomoa 12AX7, washa tena spika ikiwa imeunganishwa. (Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuharibika.) Mvumo ukibaki vilevile, uko kwenye valvu kubwa au kwenye umeme wake. Ukipotea, uko kwenye nusu ya pili ya valvu ndogo. Maswali matatu tu, hujanunua chochote, na tayari unajua kona ya kuchimba.

Tuchimbe kona tatu ambazo nimezikuta mara nyingi.

Ya kwanza ni umeme usiochujwa vya kutosha. Hesabu yake ni rahisi: chukua mkondo, gawanya kwa hezi 100, gawanya kwa ukubwa wa kapasita. Amplifaya ikila milliampea 50 na kapasita ya kwanza ikiwa mikrofaradi 16 kama ilivyo kwenye michoro ya zamani, mawimbi yanayobaki ni volti 31 hivi. Kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, kapasita ileile inaacha volti 26. Yaani mchoro uliokuwa kimya kiasi kule, huku unavuma zaidi bila kosa la mtu yeyote! Weka mikrofaradi 47 na mawimbi yanashuka hadi volti 11 hivi. Na amplifaya zenye valvu moja kubwa ndizo zinazosikika zaidi, kwa sababu zile zenye valvu mbili zinazosukuma na kuvuta hufuta sehemu kubwa ya mvumo huu zenyewe. Kama mnaunda kwa mchoro wa Marekani, hakikisheni pia kwamba transfoma ya umeme imetengenezwa kwa hezi 50. Ile ya 60 peke yake itachemka.

Ya pili ni nyaya za kupasha valvu moto. Hizo zinabeba volti 6.3 za hezi 50, na kwa 12AX7 na 6V6 pamoja ni robo tatu ya ampea. Waya huo ukipita sambamba na waya wa gridi, ambao unasubiri ishara ndogo ya gitaa, utaimba tu. Sokota nyaya hizo mbili pamoja kama kamba, zibane kwenye kona ya chasi, zivuke nyaya nyingine kwa pembe mraba. Kisha zipe katikati yake: rezista mbili za omu 100, moja kila upande, zikutane kwenye ardhi. Kwenye amplifaya moja niliyoletewa mwezi uliopita, hizo rezista mbili pekee ndizo zilizokosekana. Kabla ya kuniletea, mwenyewe alikuwa ameshauriwa kubadilisha kapasita nne na valvu zote mbili, na alikuwa ametii. Pesa ya mwezi mzima imekwenda kutibu goti wakati jino ndilo linauma.

Ya tatu, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, ni mpangilio wa ardhi ndani ya chasi. Watu wanaona waya wa ardhi ni ardhi tu, popote ukifunga ni sawa. Si sawa. Sentimita 30 za waya wa milimita mraba 0.5 zina milliomu 10 hivi. Ni kidogo, lakini kapasita ya kwanza hailipwi umeme polepole. Inachajiwa kwa mapigo mafupi, mara 100 kwa sekunde, na pigo moja linaweza kufika nusu ampea. Nusu ampea kwenye milliomu 10 ni milivolti 5. Ishara ya gitaa ni kama milivolti 100. Kwa hiyo ukipitisha mapigo hayo kwenye waya uleule ambao soketi ya gitaa inautumia kama ardhi yake, umeongeza kelele ambayo ni moja ya ishirini ya gitaa lenyewe, kabla nusu moja ya 12AX7 haijaikuza mara 50. Sauti yake ina makali, inakereta kama nyuki ndani ya debe. Dawa ni kupeleka ncha hasi ya kugeuza umeme moja kwa moja kwenye ncha hasi ya kapasita ya kwanza, na ardhi nyingine zianzie hapo kwa utaratibu, soketi ya gitaa ikiwa ya mwisho. Hakuna cha kununua. Ni waya na kufikiri.

Jambo moja la mtaani: si kila kelele ni yako. Mchomeleaji wa jirani akianza kazi, utasikia mikwaruzo, wala si mvumo mtulivu. Andika saa kwenye daftari. Kelele inayokuja saa tatu asubuhi na kuondoka saa saba wakati wa chakula cha mchana ina mwenyewe, na hakai ndani ya chasi yako. Na mvumo unaopungua ukigusa nyuzi za gitaa unakuambia kwamba mwili wako ndio antena, kwa hiyo kagua kwanza kama soketi yenyewe ina ardhi kweli. Wenye laptopu za chuma wanaijua dalili hiyo: mkono unawasha-washa kidogo ukigusa ganda wakati chaja imechomekwa. Tundu la tatu kwenye ukuta linaweza kuwa pambo tu.

Sasa ugonjwa wa pili, kulia zenyewe. Kila aliyekaa kanisani anaujua. Mikrofoni ikisogezwa karibu na spika inapiga mluzi, kwa sababu sauti inatoka, inarudi, inakuzwa, inatoka tena. Amplifaya inaweza kufanya hivyo ndani yake bila mikrofoni. Masharti ni mawili: kinachorudi kiwe hakijapungua, na kirudi kikiwa kimekaa upande uleule wa wimbi. Harold Black wa Bell Labs mwaka 1927 alitumia mrejesho wa kinyume, unaopunguza badala ya kuongeza, ili kusafisha sauti ya simu za masafa marefu, na Harry Nyquist mwaka 1932 akaeleza kihesabu ni lini mfumo wa namna hiyo utatulia na ni lini utalia. Saketi zetu ndogo zinatumia mrejesho huohuo kutoka kwenye spika.

Kwa hiyo ukiwasha na amplifaya ikapiga kelele kubwa papo hapo, jambo la kwanza ni hilo. Transfoma iliyosukwa mtaani haina rangi za nyaya, na hakuna anayeweza kujua upande upi ni upi mpaka ajaribu. Zima, achia waya mmoja wa mrejesho, washa. Kelele ikiisha, badilishana nyaya mbili za upande mmoja wa transfoma ya kutolea sauti, rudisha mrejesho. Basi.

Ikiwa mluzi unaanza kitasa kikipita nusu, kuna waya wa mwisho unaoongea na waya wa mwanzo. Chukua kijiti kikavu cha mshikaki, mkono mwingine uweke mfukoni, sogeza nyaya moja moja huku ukisikiliza. Waya unaobadilisha mluzi ndio huo. Ufupishe, utenge mbali na anodi, au utumie kebo yenye ganda. Kisha hakikisha rezista za kwenye gridi zipo: omu 68,000 kwenye mlango wa gitaa, 1,500 kwenye gridi ya valvu kubwa, tena zisolderiwe kwenye pini yenyewe.

Ikiwa inadunda polepole, du-du-du kama mashine ya kusaga inayoanza, basi umeme wa hatua moja unasukuma hatua nyingine kupitia waya wa pamoja, na kapasita ya kutenganisha hatua hizo imekauka au ni ndogo mno. Jaribu kwa kufunga nzima sambamba nayo, amplifaya ikiwa imezimwa na imekauka umeme.

Na kuna ile mbaya zaidi, isiyosikika. Amplifaya inalia kwa masafa yaliyo juu ya sikio. Wewe unasikia tu sauti nyembamba isiyo na nguvu, valvu kubwa inachemka, anodi inaanza kuwa nyekundu. Dalili yake kwenye mita: volti ya kathodi inahama ukigeuza kitasa ingawa hakuna gitaa lililochomekwa. Mtu wa kubadilisha vipuri hapa atanunua valvu nne mfululizo na zote zitaungua.

Najua kuna watakaonipinga. Fundi mmoja mzee aliniambia: "Wewe kijana una muda, mimi nina wateja." Ana haki kiasi. Ukipewa amplifaya ya miaka 40 yenye kapasita zake za kwanza, zibadilishe kabla hujauliza maswali, kwa sababu kemikali za ndani hukauka na hilo linajulikana. Hiyo ni kukata shauri kwa ushahidi. Ninachokipinga ni kubadilisha kwenye kifaa kilichoundwa juzi, kwa vipuri vipya, ambapo tatizo karibu kila mara ni mpangilio. Kipuri kipya mahali pa kipuri kipya hakibadilishi mpangilio. Na hata mvumo ukipotea kwa bahati, kwa sababu ulisogeza waya ulipokuwa unasolda, hukujifunza kitu, na amplifaya ya pili utaianza upya gizani.

Wengine watasema mambo ya volti 300 si ya kufundisha vijana mtaani. Mimi naona kinyume, kwa sababu wanaunda tayari. Kapasita ya mikrofaradi 47 kwa volti 350 inabeba karibu jouli 3 hata plagi ikiwa imechomolewa. Kijana asipoambiwa, atazikuta mwenyewe. Afungiwe rezista ya omu 220,000 ya wati 2 sambamba na kapasita hiyo. Itaimwaga ndani ya dakika moja hivi. Kisha apime kwa mita kila mara kabla ya kugusa, hata kama alipima dakika tano zilizopita. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na kiandikwe. Nimewaona vijana walioanza na daftari la mvumo wakaja kuandika programu vizuri kuliko wahitimu, kwa sababu walishazoea kwamba umeme haubembelezwi.

Basi ombi langu ni dogo. Wewe unayesimamia vyombo vya kanisa au bendi, popote ulipo, wiki hii fungua plagi za amplifaya, kibodi na mikisa. Ukikuta waya wa kijani na manjano umekatwa, urudishe kabla ya ibada inayofuata, hata kama mvumo utarudi nao. Kisha mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA apime kama ardhi ya jengo inafanya kazi, maana waya mzima kwenye soketi isiyo na ardhi hausaidii mtu. Mvumo utakaobaki tutautafuta. Mita ninayo, na Jumamosi mchana huwa nipo nyumbani.